Ukishakunywa, Sema

Kaka Deo wangu, furaha ya nyumba yetu,

Nimeolewa! Nimeolewa, kaka, na nikikuambia nimeolewa na nani utacheka hadi ushike mbavu: Elia. Elia yule yule wa Kanazi uliyerudi naye kutoka Mwanza, mkiwa mmekonda kama fito, mkajikunja uani kwetu kama nguo zilizoanguka kwenye kamba. Nilimwambia Mama, "Huyu mwenzake ana macho mazuri." Ukanirushia ganda la ndizi. "We Jovitha! Watu wote wa Muleba hukuwaona, umemwona teja mwenzangu?"

Nilimwona, kaka. Kila asubuhi naamka namkuta pembeni yangu, nambonyeza shavu kuhakikisha ni mtu kweli, naye ananung'unika kwamba simwachi alale. Kovu lake la juu ya jicho nalibusu kila siku. Kovu hilo ndilo linanifanya nikuandikie, na niiache barua hii wazi ili wasome na wengine. Harusi yangu ina damu ndani yake, nayo ilianzia kwako.

Unakumbuka Tata, baba yetu, alipokufunga kwenye nguzo ya jiko? Alikuwa amesikia kwamba unga, ile heroini, hutoka kwa jasho. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikakushika, ukatapika, ukaharisha, ukajipigiza kichwa ukutani mpaka tofali likabaki na nywele zako. Tata alikuchapa kwa kamba ya ng'ombe huku analia. "Toka! Toka ndani ya mwanangu!" Alikuwa anauambia unga, lakini mgongo ulikuwa wako. Ulipofunguliwa ukamng'ata mkono hadi mfupa ukagonga meno. Hiyo ndiyo tiba tuliyokuwa nayo.

Halafu tukasikia Bukoba kuna kliniki inatoa methadoni. Mkapanga chumba Nshambya wewe na Elia, nami nilikuwa najifunza cherehani mtaa wa Bakoba, nikawa nawasindikiza. Dawa yenyewe ni ya maji, kikombe kidogo tu, unakunywa kila siku mbele ya nesi na arosto inanyamaza. Nilitegemea mambo makubwa zaidi. Lakini unamkumbuka nesi wa dirishani, Sista Koku? Hakumwacha mtu aondoke na mdomo umefungwa.

"Ukishakunywa, sema. Leo unakwenda kufanya nini?"

Mwanzoni mlidhani anawachunga tu msifiche dawa mdomoni. Kumbe alikuwa anasikiliza. Kwa sauti tu alijua nani hakulala, nani amekutana na muuzaji njiani, nani anataka kuacha. Aliyejibu vibaya alivutwa pembeni akakalishwa kwenye benchi, wakaongea hadi mambo yakaeleweka.

Siku moja ulimjibu, "Leo nakwenda kumpiga Elia."

"Kwa kosa gani?"

"Anamtazama dada yangu kama sahani ya senene wa kukaanga."

Foleni nzima iliangua kicheko. Elia akataka kujificha nyuma ya nguzo. Mimi, kaka, nilikuwa nasikia moyo unaruka kama senene wenyewe.

Mama alipougua ukarudi nyumbani Muleba kumsaidia. Elia akabaki Nshambya. Kila alfajiri ulipanda basi hadi Bukoba kunywa kikombe kimoja na kugeuza. Ulinenepa. Ulipalilia kibanja chote, ukaegemeza migomba, Mama akaanza kukuita tena kwa jina lako la utotoni. Kisha mvua ikala barabara na mabasi yakasimama. Siku ya kwanza ulitetemeka. Zilizofuata uliuma shuka. Muleba nzima hapakuwa na kikombe hata kimoja, lakini muuzaji wa kete za unga alikuwapo.

Ulichukua kahawa ya jirani iliyoanikwa kwenye mkeka. Mchana kweupe. Yowe likapigwa.

Wasiotoka kwetu waelewe: huku kwetu yowe likipigwa, kila nyumba lazima itoe mwanamume na silaha yake, na anayebaki ndani anahesabiwa upande wa mwizi. Ukifika unapiga kwanza. Kuuliza kunakuja baadaye. Tata alitoka na fimbo yake ya mkuyati. Alikukuta umelala kifudifudi kati ya migomba, watu wanakushindilia kwa miti ya kuegemezea mikungu ile ile uliyoichonga wewe. Uso wako ulikuwa kwenye matope na shati lilikuwa limeloa damu, halina rangi ya kulitambua. Naye akapiga, kama wenzake.

Ukasema, "Tata, ni mimi."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho, kaka. Tata aliniambia mwenyewe, tukiwa tunakufukia pale karibu na mbuni wa Babu, ule mti wa kahawa. Jioni hiyo aliipasua ile fimbo akaitia motoni, na tangu siku hiyo yowe likipigwa hatoki. Kijiji kilimtoza faini, kikamtenga, watu wakawa hawaji kuchukua hata punje ya kahawa ya kutafuna, heshima ya mgeni kwetu, kwenye kikapu chake. Hakutoka.

Elia alikuja msibani, akarudi tena arobaini, akarudi tena bila sababu, na kila akirudi mimi nilikuwa nimeshavaa gauni zuri. Nikupe siri gani tena?

Basi wakafungua dirisha la methadoni Muleba. Nilipiga magoti uani kwa furaha! Elia akahamia huku, akapata kazi ya kukoboa kahawa, akaanza kuzungumza na Tata habari za mahari. Nilijua kikombe kikiwa karibu na mlango wangu, sitamzika mume kama nilivyomzika kaka.

Lakini walileta dirisha, hawakuleta watu. Walikuja wavuvi kutoka visiwani, madereva wa bodaboda, wamama, vijana wa minadani, foleni ikazunguka jengo. Manesi wawili, wazuri tu wala siwalaumu, wakawa wanamimina tangu asubuhi bila kuinua macho. "Kunywa, songa. Kunywa, songa." Nilikuwa namsubiri Elia na chupa ya chai, nikajikuta nasubiri swali. Hakuna aliyeulizwa. Mdomo uliofunguka kumeza ulifungwa na kuondoka.

"Hapa tunanyweshwa kama ng'ombe mtoni," Elia aliniambia. "Jana nilikuwa na hamu ya kete, Jovi. Nilitaka mtu aniulize tu."

Kuna aliyetoka na dawa mdomoni, akaitema kwenye chupa, akaiuza. Kijana aliyeinunua hakuwa mgonjwa wa kliniki. Aliinywa juu ya gongo, akalala, hakuamka. Wakamkuta asubuhi kibanjani, midomo imekuwa ya bluu na povu limekauka shavuni. Mama yake akapiga yowe.

Walikuja wote, kaka. Mapanga, miti, matofali. Walivunja dirisha kwanza, kioo kikamchana nesi shingoni. Halafu wakaifuata foleni. Mtu wa mbele ya Elia alivunjwa taya nikasikia. Elia angeweza kukimbia, lakini alinisukuma mimi nyuma ya tangi la maji, na kwa kufanya hivyo akachelewa. Tofali likampata juu ya jicho. Akaanguka kifudifudi. Wakamzunguka. Nilipiga kelele hadi koo likatoa ladha ya chuma, na nilimuuma mtu mmoja mkono kama wewe ulivyomuuma Tata, na sijuti.

Ndipo nikamwona Tata. Ametoka! Mikono mitupu. Alipita katikati yao akijikwaa, akasimama juu ya Elia, mguu huku na mguu huku.

"Mzee, ondoka! Hawa ndio waliomuua mtoto!"

"Yupi?"

"Wote!"

"Huyu hapa amefanya nini? Wewe unayeinua mti, umemwona uso?"

Mti ulishuka. Tata aliinua mkono, na mkono ukavunjika kama bua, nikauona umeninginia. Hakuondoka. Alilia kwa maumivu, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Mgeuzeni. Mtazameni usoni, ndipo mpige. Mimi nilipiga kabla ya kutazama. Mnajua nilimpiga nani. Mlikuwapo."

Walikuwapo kweli. Jirani mwenye kahawa alikuwa wa kwanza kutupa mti wake chini. Si wote walioshusha mikono. Mmoja alimpiga teke la mwisho Elia mbavuni kabla ya kuondoka. Lakini waliondoka. Na mimi nikamgeuza Elia wangu, uso wote damu, na macho yale mazuri yakanitazama.

Baada ya hapo wakataka kulifunga dirisha. Tata alikwenda kwenye mkutano na mkono wake umefungwa shingoni. "Mkifunga, hawa wanarudi kwenye mabasi," alisema, "na mvua ikinyesha nitaitwa tena kuja kuwapiga. Msifunge. Leteni watu wa kuuliza." Mama wa yule marehemu alikuwa amekaa mbele. Akasimama, akasema, "Waulizwe kabla ya kutoka. Kila mmoja." Akatoka nje kulia.

Basi Sista Koku akaletwa Muleba kufundisha. Wapya wakapokelewa kidogo kidogo, kadiri manesi walivyoongezeka. Benchi likarudi. Kuna wanaolalamika kwamba wanasubiri, na najua kusubiri kunaua pia. Kwa hiyo nawaomba wanaopanga mambo haya: fungueni na Kanazi, fungueni na visiwani, fungueni kila barabara inapoliwa na mvua. Ila nyuma ya kila kikombe awepo mtu mwenye nafasi ya kumtazama anayekunywa na kumsikia sauti.

Sasa sikia harusi. Kikombe hakina sikukuu, kwa hiyo asubuhi ile Elia alikwenda dirishani na suti yake ya kijivu na ua kifuani, Tata akimsindikiza na ule mkono uliounga upande. Kina mama walinifungia chumbani, nikatoroka na vitenge kichwani kwenda kuchungulia! Akanywa. Sista Koku akakunja uso.

"Haya, ukishakunywa, sema. Leo unakwenda kufanya nini?"

"Leo nakwenda kumuoa dada yake Deo."

Foleni nzima ilipiga vigelegele, hata yule mwenye taya lililofungwa waya. Tata aligeuka akautazama ukuta, mabega yakitikisika. Nyumbani, kikapu cha kahawa ya kutafuna kilipopitishwa kwa wageni, jirani yule aliingiza mkono akachukua punje. Tata akaiangalia ile punje hadi ikaisha kutafunwa. Kisha akakipitisha kikapu kwa anayefuata.

Asubuhi hii nimemsindikiza mume wangu, na Sista Koku akaniwahi na mimi nikiwa nimesimama tu. "Na wewe bibi harusi, leo unakwenda kufanya nini?"

Nikamwambia nakwenda kupalilia kaburi la kaka yangu, halafu nirudi kumpikia mume wangu ndizi.

Nimeshapalilia. Nimekaa hapa hapa, chini ya mbuni wa Babu, nakuandikia. Tata yuko upande wa pili anaegemeza mgomba kwa mkono mmoja, na mkungu ni mzito, kwa hiyo naenda kumshikia.

Lala, kaka. Uso wako tunauona.

Mimi mdogo wako, sahani ya senene ya Elia,
Jovitha