Fundo la Bi Uzi

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi hapo kwa mama, wewe na wanao. Natumaini kifua cha mama kimetulia, na kwamba kitinda mimba wako ameacha ile tabia ya kulala na viatu. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unaonienda mbio. Ninaandika nikiwa nimeegemea ukuta, mlango nimeusukumia meza, ingawa ni Jumapili saa nne asubuhi na hakuna cha kutisha uani ila jirani anayefua huku akiimba vibaya kama kawaida yake.

Kiwandani wote wanakusalimu. Cherehani yako amepewa mgeni, binti mpole sana, ila mifuko ya makoti ya wauguzi anaishona upande hadi nawahurumia wenye kalamu. Msimamizi wetu Saa Mbovu bado anasimama nje ya choo kutuhesabia dakika. Watu huniuliza habari zako kwa kunong'ona, kama wanaouliza habari za mfungwa, na mimi hujibu huku nimeinamisha kichwa.

Ile kufuli ya mlango wa nyuma imerudi. Ulipofukuzwa waliitoa kwa wiki moja tu, wakaguzi walipopita, kisha wakaifunga tena tukiwa ndani kama zamani. Jumanne pasi moja iliunguza rundo la vitambaa, moshi ukatanda chumba kizima. Tulikimbilia nyuma, tukaukuta mlango umefungwa. Tulilala sakafuni tukikohoa, mshona kola akazimia miguuni pangu. Moto ulizimwa kwa ndoo mbili za maji na hakuna aliyeungua. Niliogopa, dada. Sijawahi kuogopa vile.

Kesho yake mshona kola, akiwa amepata nafuu, alinifundisha neno la Kiingereza. Tulikuwa tunazungumza habari za Bi Uzi, yule wa video za kwenye simu, anayeonyesha mikono tu ndani ya glavu akishona vifungo, na sauti ameichezea mpaka imekuwa kama ya mwanamume mwenye mafua. Wewe mwenyewe ulikuwa ukimsikiliza wakati wa mapumziko ya mchana, kabla hajautangazia ulimwengu habari za kufuli yetu. Mshona kola akasema watu wanamsumbua chini ya kila video wakimwuliza "face reveal" ni lini. Maana yake, alinieleza, ni mtu aliyekuwa akijificha kuonyesha uso wake ili ajulikane. Vijana hulitumia hata kwa mzaha. Saa Mbovu alipovuliwa kofia na upepo, walisema upara wake umefanya "face reveal". Nikamwuliza, je, mtu akifunuliwa na wengine, neno ni hilo hilo? Akasema hapana, huko ni kuumbuliwa tu. Neno hili ni la mwenye uso kuamua mwenyewe. Nilicheka pamoja naye, kisha nikaenda chooni kulia, Saa Mbovu akanigongea mlango.

Kwani nilikumbuka siku yako. Nilikumbuka meneja alivyobandika ukutani picha ya kifungo kutoka kwenye video ya Bi Uzi, ameikuza hadi fundo likawa kubwa kama ngumi, uzi umezungushwa mara tatu ukapitishwa chini kwa kushoto. Alitugawia sote kitambaa na kifungo, akatuamuru tushone na kuandika majina. Alisema mtu anaweza kubadilisha sauti, lakini mkono wa fundi hauna adabu ya kudanganya. Alikusanya vitambaa, akapita navyo kimoja kimoja pale picha ilipo, akasimama kwenye chako. Saa hiyo hiyo ukaambiwa ukusanye vitu vyako.

Dada, kama umesimama, kaa. Bi Uzi ni mimi.

Fundo lile ulinifundisha wewe nikiwa na miaka tisa, ukinigonga vidole kwa rula hadi likakaa. Sikujua kufunga kwa namna nyingine, na nilipokuwa nikirekodi sikuwaza kwamba fundo nalo lina sura. Siku ya meneja ndiyo niliyojilazimisha kufunga fundo la watu wote, huku jasho likinilowesha mgongo. Nilikuacha uondoke na mfuko wako wa plastiki, nikainama kwenye cherehani kana kwamba sindano imekatika. Ninaona aibu hata kuiandika.

Na kuna jingine, ambalo nililielewa Jumanne nikiwa nimelala kwenye moshi. Siku ile ulikuwa umekaa kiti cha pembeni yangu. Ulitazama mkono wangu, ukanikanyaga mguu chini ya meza, ukaniambia polepole nikaze uzi, fundo la namna hiyo hufunguka. Nilidhani unanisahihisha kama kawaida yako. Kumbe ulikuwa umeshanijua. Na chako ulikuwa hujakifunga bado, dada. Ungeweza kufunga la watu wote, sote tukapona. Lakini meneja alikuwa amesema hatatoka bila mtu, nawe ukafunga lako.

Asubuhi hii, kabla ya kuanza barua hii, nimewasha simu, nikavua glavu, nikauonyesha uso wangu, kwa sauti yangu ile ile unayoijua. Nimesema jina langu, jina la kiwanda, na kwamba aliyefukuzwa hana kosa. Simu nimeilaza kifudifudi kitandani, nayo haijaacha kutetemeka. Siwezi kuitazama. Kesho labda nitarudishwa getini, labda litanikuta baya zaidi. Video huenda utaiona kabla ya karatasi hii, lakini habari ya fundo nililolibadilisha sikutaka uisikie mbele za watu. Alhamisi shauri lako la kupinga kufukuzwa litakaposikilizwa nitakuja, nitashona kifungo mbele yao wote. Niwekee kiti karibu yako, kama bado unanitaka karibu.

Jirani ameacha kuimba. Nadhani ameiona.

Barua anakuletea mshona kola, anapita huko kesho. Mkaribisheni, na msimwulize sana habari za moshi. Mbusu mama kwa niaba yangu, na uwakumbatie watoto. Ndani ya bahasha nimeweka kitambaa nilichokishonea kifungo kimoja. Kikague kama zamani. Safari hii nimekaza uzi.

Mdogo wako,
Kiduchu