Siku Aliyozaliwa Profesa

Kwako mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, hata kama huzitaki. Nimekupigia simu siku kumi na moja mfululizo na zote umezikata, kwa hiyo nimerudi kwenye karatasi kama zamani. Natumaini itakukuta na afya, wewe na shemeji, na mwanangu mdogo huyo, ambaye najua kwa sasa hataki hata kusikia mtu akitaja mama mkubwa. Sisi huku tunapumua. Shemeji yako kifua kimemwachia, goti ndilo linamsumbua. Mimi niko palepale, chumba cha kufulia cha hospitali, mashuka mia tatu kwa siku na mvuke uleule unaonimaliza nywele. Wamenipa usimamizi wa meza ya pasi. Hakuna aliyewahi kupewa nafasi hiyo bila cheti, ila mimi. Siku nyingine ningekuandikia ukurasa mzima juu ya hilo. Leo sina hamu nalo.

Nataka nikueleze mambo yote tangu mwanzo, kwa sababu wewe uliona kipande tu kwenye kioo cha kompyuta, na kile kipande ndicho kibaya kuliko vyote.

Profesa, binti yetu, unamjua. Jina hilo alipewa na wenzangu kazini, siku aliposoma maelezo ya mashine mpya ya kufulia ambayo hata fundi aliyeileta alikuwa anayakodolea macho. Tangu hapo mimi sishikiki. Nikifika asubuhi wananiuliza Profesa kasemaje leo, nami nasema, hata kama hakusema kitu.

Mwaka huu mwalimu wao wa darasa alikuja na mradi. Darasa lao liliunganishwa kwa mtandao na darasa la nchi nyingine, mbali kabisa, watoto wakawa wanafanya kazi moja kwa pamoja. Huku wanaandika, kule wanaongeza, kompyuta inawageuzia lugha, na kila Ijumaa wanaonana ukutani, wanapungiana mikono kama majirani. Mwezi wa kwanza walipima kivuli cha kijiti saa sita mchana, kila darasa kwao, wakalinganisha. Profesa aligundua kuwa wale wenzao walikuwa wamechomeka kijiti kwenye ndoo ya mchanga, wakapima kuanzia ukingo wa ndoo badala ya kijiti chenyewe. Aliwaandikia kwa adabu, wakarudia. Hebu fikiria, mtoto wa miaka kumi na miwili anasahihisha nchi nzima! Niliisimulia habari hiyo hadi kwa wagonjwa.

Kwenye kikao cha wazazi mwalimu akasema anatafuta darasa la tatu, kama kuna mwenye ndugu ng'ambo ambaye shule ya mwanawe ingependa kujiunga. Hajamaliza sentensi, mkono wangu uko juu. Nilisimama kabisa. Nikasema nina mdogo wangu wa tumbo moja, anaishi kwenye nyumba ya ghorofa, mwanawe anasoma shule yenye kompyuta kwa kila mtoto. Wazazi walinigeukia wote. Sikuwaza lolote zaidi ya hizo shingo zilizogeuka. Nikampa mwalimu namba yako, na wewe, kwa moyo wako mwema, ukakubali. Hata lile la kuwaweka binamu wawili kazi moja ni mimi niliyemwomba mwalimu. Nilitaka waseme, tazama familia hii.

Kazi yenyewe iliitwa Siku Niliyozaliwa. Kila mtoto amhoji mama yake, aandike, kisha habari yake na ya mwenzake ziwekwe ubavu kwa ubavu kwenye ukurasa mmoja ili madarasa yote yasome.

Profesa alinijia na daftari nikiwa nakunja nguo kitandani. Akaketi, akafungua kalamu, akaniuliza kama mwandishi wa gazeti nilianza kuumwa saa ngapi. Mdogo wangu, ningeweza kumwambia sikumbuki. Wangapi hawakumbuki? Ningeweza kusema nilizaa hospitali, ikaisha hivyo. Lakini alikuwa amenikazia macho yale, na mimi kwa mtoto huyu sijawahi kuwa na jibu fupi. Nikamsimulia. Nikamwambia ilikuwa mchana, umeme umekatika, redio ya betri chumba cha pili inasoma matokeo ya mitihani. Nikamwambia juu ya mkunga aliyekatikiwa kamba ya kiatu akawa anachechemea na kimoja, na kwamba yeye mtoto alipiga chafya mbili kabla hajalia, mkunga akasema huyu kaja na mafua yake kutoka huko huko. Alicheka hadi kalamu ikamdondoka. Alipouliza mama mdogo alikuwa wapi siku hiyo, nikasema ulikuwa shuleni. Akaandika na hilo.

Ijumaa ile wazazi tulialikwa. Nilivaa gauni la bluu na nikamvuta mwenzangu wa kazini tunayemwita Bi Sabuni, aje aone. Njia nzima ananitania kuwa leo nitapasuka kwa maringo, na atalazimika kunikusanya kwa ufagio. Tulikaa mstari wa mbele. Ukutani nikamwona mwanao, mzuri, amechanwa nywele, na nyuma yake nikakuona wewe. Nikakupungia mkono. Ukanijibu kidogo tu. Sasa naelewa, ulikuwa tayari unaogopa.

Alianza mwanao. Alisoma kwa lugha ya huko na maneno yetu yakawa yanatokea chini ya uso wake. Mchana. Umeme umekatika. Redio inasoma matokeo. Mkunga na kiatu kimoja. Chafya mbili. Najua kwa nini ulimpa hiyo. Yeye alizaliwa kwa upasuaji, ulikuwa umelazwa na sindano, ulipoamka ukaletewa mtoto aliyekwisha kuoshwa. Ulikuwa huna la kumwambia. Uzazi unaoukumbuka ni mmoja tu, na mimi nilikuwa nimeshautumia.

Profesa akasimama na daftari lake. Alisoma mistari mitatu tu, akalifunga. Kijana mmoja wa nyuma akapayuka kwamba Profesa kanakili kwa binamu yake. Mwingine akasema hapana, hao ni mapacha waliopishana miaka miwili, darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akawatuliza, akasema kwa upole kwamba familia zinaweza kugawana hadithi, labda mmoja wa wazazi angetusaidia kujua ni ya nani. Profesa akanigeukia. Wewe ukaniangalia kutoka ukutani. Ningeweza kusema nimechanganya, umri umeenda. Badala yake nikasimama, na sauti yangu unaijua, nikatangaza mbele ya madarasa matatu kwamba mdogo wangu tangu utotoni hana chake, ana tabia ya kuchukua vya watu, na safari hii kamwibia mwanangu siku yake ya kuzaliwa. Watu wakacheka. Bi Sabuni akapiga makofi. Yale maneno yakageuzwa lugha, yakaandikwa chini ya uso wangu, mwanao akayasoma moja moja, halafu akalaza kichwa juu ya dawati. Nawe ulikuwa na neno moja tu la kunimaliza, hukulisema. Ulinyanyuka, ukamshika mkono, mkatoka kwenye picha. Kikabaki kiti.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Profesa hakulia. Alipofika aliketi jikoni, akaniambia taratibu, kama anayesahihisha hesabu, kwamba habari ya binamu yake ina mtu mmoja ambaye kwenye yake hayumo. Kwamba kule kuna dada mkubwa aliyemshika mzazi kichwa na kumpangusa jasho kwa upindo wa kanga. Na kwamba kama hadithi ingekuwa yangu na wewe umeiiba, usingejiwekea mtu wa kukushika kichwa. Kisha akauliza kama aliyekuwa kitandani ni wewe.

Miaka kumi na miwili neno hilo hatujawahi kulitamka, mimi na wewe, hata tukiwa peke yetu. Nilitikisa kichwa kukubali. Shemeji yako alikuwa mlangoni, akatoka nje.

Akauliza swali moja zaidi, kwa nini ulimwacha. Nami nikajibu kwamba hukumtaka.

Hilo ndilo ninalokuandikia, mdogo wangu. Na kuna la pili, ambalo wewe mwenyewe hulijui. Ulipomaliza masomo na kuolewa, ukamweleza shemeji kila kitu, naye akasema mtoto aje. Uliniandikia mara mbili. Mara ya pili ulikuwa na karatasi zote mkononi, alikuwa na miaka minne. Nikakujibu kwamba moyo wake una kasoro, daktari amekataza asipande ndege mpaka akue. Ulinitumia dawa. Ulifunga na kumwombea. Mdogo wangu, mtoto huyu hajawahi kuugua moyo hata siku moja. Kaugua mafua na surua. Nilikaa chumba cha pasi nikabuni ule ugonjwa kutokana na maneno niliyosikia madaktari wakiyasema koridoni, nikakuandikia kwa mwandiko mzuri. Sikuwa nimepata wa tumboni, na nilijua sitapata. Nilikuwa nimeshazoea kuitwa mama.

Sasa siitwi. Ananiamkia asubuhi, shikamoo tupu, bila kitu nyuma yake. Anakula, anaosha sahani yake, anaingia chumbani. Shuleni ameomba atolewe kwenye mradi. Mwalimu kaniambia ukurasa wao umebaki mtupu pande zote mbili, na darasa la mwanao limeacha kuungana Ijumaa. Lile darasa la kwanza, wale wa kivuli, hawaelewi kitu. Bado wanatuma maswali kila wiki, wanataka kujua mtoto aliyepiga chafya ni nani kati ya wale wawili. Kazini nimewaambia Profesa yuko kwenye mitihani.

Mara tatu nimejaribu kumwambia kwamba ulimtaka. Nafika mlangoni, nanyanyua mkono nigonge, narudi. Nikimwambia, ataondoka. Nisipomwambia, atabaki hapa hivi hivi, mgeni mwenye adabu, nami nitampikia mgeni huyo hadi nife.

Hapo nilipoandika mstari huo niliacha kalamu, nikaenda kwenye sanduku. Barua zako zote mbili nimezitoa, pamoja na nakala ya jibu langu, maana niliitunza, sijui kwa nini, nadhani niliona nimeandika vizuri. Nimeziweka juu ya mto wake. Anatoka shule saa kumi, sasa ni saa tisa na nusu. Barua hii naipeleka posta kabla hajafika, kwa sababu nikiwa ndani ya nyumba nitaziondoa, najijua.

Ukimtaka, njoo umchukue. Safari hii hakuna daktari aliyekataza. Kwa mwanao sina la kusema, ila kwamba mama yake si mwizi, nawe mwambie mama mkubwa ndiye aliyeandika hivyo kwa mkono wake.

Msalimie shemeji. Shemeji yako wa huku anakusalimu, kasema niandike tu hivyo, nisiongeze. Bi Sabuni naye angekusalimu kama angejua. Hapa kwa kawaida nilikuwa naandika kwamba binti anakusalimu sana na anakukumbuka. Miaka yote hiyo niliandika bila kumuuliza. Leo sitakudanganya, hajui kama nakuandikia, na hakusalimu.

Ni mimi,
dada yako.