Lubbert, Uso Wako Unafutika Kwenye Shaba

Mwaka umetimia, Lubbert, tangu tukulaze chini ya sakafu ya kanisa hapa Haarlem, na ngazi za nyumba bado zinanuka tindikali yako. Unyoya wa bata bukini uliokuwa ukiondolea mapovu tindikali ilipokuwa ikila mistari ya michoro yako kwenye bamba la shaba ungali dirishani. Hakuna aliyethubutu kuugusa.

Ulikuwa mpole hata ulipokosea. Ulipomchora Ibrahimu ulisahau kwamba picha hugeuka ikichapwa, kisu kikatokea mkono wa kushoto. Mchungaji alipolalamika ukamjibu, "Mchungaji wangu, mzee wa watu alikuwa anataka kumchinja mwanawe. Hapo angekumbuka mkono gani?" Akacheka, akainunua.

Kwenye picha ya Petro anamkana Bwana, ulijichora wewe mwenyewe kuwa Petro, unaota moto uani. Mkeo Aeltje akakutania, "Mtume gani huyo mwenye pua kama hiyo, mume wangu?"

"Kwani pua ya Petro uliiona wapi?"

Bamba la picha hiyo, tunalochapia karatasi za kuuza, ndilo lililotulisha tangu uondoke. Lakini shaba ni laini, na kila chapa huikwangua kidogo. Kila tukibandua karatasi unatutazama, na kila mara umefifia zaidi. Kwanza yalikwenda makunyanzi, kisha nyusi. Sasa yamebaki macho tu. Tunaogopa kuyaangalia, na tunaogopa zaidi karatasi itakayotoka bila macho hayo.

Jana mwanao Gerrit alishika sindano achimbe mistari upya, kama mafundi wote wafanyavyo bamba likichakaa. Mama yake akamdaka mkono.

"Acha, Gerrit."

"Sasa mama, tutakula nini?"

"Tutakula tutakachopata. Ukimchora wewe, utaniletea mwanamume nisiyemjua, amevaa nguo za baba yako."

Gerrit akaweka sindano chini, akalia. Binti yako Machteld akalipaka bamba mafuta lisiliwe na kutu, akalifunga ndani ya shati lako. Wanunuzi wakija tutawaambia picha zimekwisha. Heri mkate mkavu kuliko kukumaliza kwa mikono yetu wenyewe.

Tunaokulilia ni mkeo Aeltje, wanao Gerrit na Machteld, na dada yako Hillegond. Hutatutoka moyoni, Lubbert, maadamu tunapumua.