Mama Hafuati Tena Mazungumzo

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za dada yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, mkeo na watoto. Nami sijambo, isipokuwa goti la kushoto linalokataa ngazi. Mama yu mzima wa mwili. Hayo mengine ndiyo yaliyonikalisha mezani kukuandikia.

Ulipotuarifu kwamba mkeo, asiyejua Kiswahili, angepiga simu Jumapili kuuliza hali ya mama, na kwamba jibu letu ndilo lingeamua kama mama aje kuishi kwenu au apelekwe nyumba ya wazee, ndugu zako walishikwa na homa ya Kiingereza. Walinijia Jumamosi, dada yako fundi cherehani na kitindamimba wetu dereva, wakaniomba niwafundishe jinsi wenye lugha yao wanavyowazungumzia wazee wao. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na minne. Nilichukua rula.

Tulikaa sebuleni. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha akikunja taulo, nami nikamfanya kielelezo cha somo, tukisema Kiingereza kitupu. Niliwaeleza kwamba wenye lugha hawasemi mtu amechakaa. Husema umri umesogea. Hawasemi amerukwa na akili. Husema si mwepesi kama zamani. Dereva alijaribu, akasema mama amekwisha muda kama leseni, tukacheka hadi fundi akashika mbavu. Fundi naye akataka kujua mzee anayejikojolea husemwaje kwa adabu. Nilimjibu, nikamwelekezea mama rula, nikawataka warudie pamoja mara tatu. Mama alikunjua taulo lile lile, akalikunja upya.

Jumapili mkeo alipiga. Mama alikuwa amevaa gauni la kijani, amechana nywele, ameketi ubavuni pangu mbele ya simu. Mkeo aliuliza bibi anaendeleaje. Mama alifungua kinywa. Niliwahi mimi, nikasema kwa upole, kwa lafudhi niliyoisomea, kwamba bibi hafuati tena mazungumzo, maskini, na kwamba mahali penye wauguzi pangemfaa zaidi. Mama alinitazama, akafunga kinywa. Tangu siku hiyo hajatamka neno kwa lugha yoyote. Mkeo alinishukuru kwa ukweli wangu, na fomu zikatumwa.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Mama anajua Kiingereza. Nilimfundisha mwenyewe, jikoni, kila asubuhi, tangu baba alipofariki miaka miwili iliyopita. Aliniomba iwe siri, ili siku moja awashangaze wanao kwenye simu, awaambie kwa kinywa chake kwamba anataka kuja kwenu. Alikuwa na sentensi sita tayari, nilizisahihisha mimi. Kila neno la Jumamosi ile alilielewa, nami nilijua kwamba analielewa.

Usinitafutie sababu kubwa. Miaka yote nimemwogesha na kumlisha, naye akikusifu wewe, ingawa fimbo ya mbali haiui nyoka. Alijifunza lugha yangu kutoka kinywani mwangu ili aniache, wala hakuniuliza hata mara moja nitabaki na nani. Siku alipoimudu sentensi ya sita, alisema kwamba matamshi yako wewe ni mazuri kuliko yangu mimi.

Gari la nyumba ya wazee litakuja Jumatatu. Nimekwisha kufunga begi lake. Barua hufika kwenu baada ya wiki tatu. Simu iko hapa mezani, karibu na mkono wangu, na ina chaji. Nimechagua barua.

Fundi na dereva wanakusalimu. Wao hawajui lolote. Wasalimie watoto. Ukiwaeleza habari za bibi yao, tumia maneno ya upole. Mkeo anayajua.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Mwalimu