Matanga Uliyoyaweka Zhanqian

Mwaka umetimia, Mama yetu Matroni Flavia, tangu ulipotuacha hapa Guangzhou, China, nyumbani kwa binti yako Kalista. Chai bado tunaijaza sukari uliyotukataza, na hakuna wa kutugombeza.

Waliokufahamu wanajua mtindo wako. Mgeni akiingia, ulimpa mkono ukaung'ang'ania, naye akajiona anapendwa kweli, kumbe unamhesabia mapigo ya moyo. Kumpenda ulimpenda, ila baada ya kuhesabu.

Ulianza kazi ukiwa msichana mbichi katika wodi ya askari majeruhi, ukamaliza ukiwa matroni wa hospitali nzima. Uliwaona askari wastaafu wakirudi na malalamiko ya mgongo, ukajua kinachowauma si mgongo. Baadhi yao walijiua. Ulipiga kelele miaka mingi hadi ikaundwa tume ya kuchunguza vifo hivyo, nawe ukateuliwa mjumbe. Siku hiyo tulipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani tumeletewa posa.

Lakini tume ilikwama. Kila familia ilisema marehemu aliugua ghafla, au alipata ajali. Aliyejiua huzikwa harakaharaka, matanga hayakaliwi, jina lake halitajwi tena. Bila shahidi hata mmoja, tume ingevunjwa, na askari wale wangebaki wamefukiwa na aibu yao.

Ndipo ukaja huku kumtembelea Kalista, akakupokea uwanja wa ndege wa Baiyun ukiwa umechoka, begi limejaa dagaa. Alikupeleka Barabara ya Zhanqian, kwenye maduka ya nguo za jumla, ukapeana mkono na Herieth, muuza suruali za jinzi, mjane wa Koplo Alphonce. Hukuuachia.

"Mume wangu alikufa kwa malaria, Mama," alisema, nawe hujamuuliza kitu.

"Pole, mwanangu. Nani alikaa matanga yake?"

Kwa mkono uliobaki, Herieth akaanza kupanga suruali.

"Basi tukae sasa, tumlilie huyo wa malaria."

"Mama, laoban, bosi mwenye jengo, ataniuliza kwa nini nimefunga duka."

"Mwambie umefiwa."

Ukavua viatu, ukatandika kitenge sakafuni katikati ya marobota, ukaketi. Kalista alitamani ardhi ipasuke. Watu wakaanza kuja. Mwanahija wa Unguja alileta sufuria ya wali, Wakongo wakaleta maji ya kunywa. Waliokuwa wanawahi mizigo bandarini Nansha nao waliketi, wakatoa pole ya mtu aliyekufa zamani. Hata huyo laoban mwenye jengo alipita, akainamisha kichwa, akaenda zake. Siku ya tatu Herieth aliinua uso akasema mbele ya wote, "Alphonce wangu alijiua. Alikuwa mtu mzuri." Hakuna aliyeinuka.

Yeye ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza wa tume. Ulirudi Tanzania ukakaa matanga kama hayo mji kwa mji, na familia zikafunguka moja baada ya nyingine. Tume ikapendekeza, na ikakubaliwa, askari hao wapewe heshima zao zote, na wastaafu walio hai wawe na wauguzi wa kuwasikiliza. Tarumbeta ilipigwa kwenye kaburi la Alphonce, wewe umesimama kando ya Herieth, mkono wake mkononi mwako. Ulishinda, Mama. Tunalisema kwa sauti, maana majivuno hukuwa nayo, sisi tunayo.

Ulirudi kwa Kalista kupumzika, na Mungu akakuita huku huku. Kitenge cha kwanza msibani kwako alikitandika Herieth.

Unakumbukwa na wanao Kalista na Rodrick, mkweo Yohane, mdogo wako Chausiku, na wajukuu wote uliowapima homa hata wakiwa wazima. Yupo mwingine aliyeomba aandikwe hivi hivi, nasi tumemweka katikati ya familia: Herieth, mjane wa Koplo Alphonce aliyejiua, anayejivunia kumtaja.

Siku zote tutakukumbuka, Mama. Na Alphonce tutamkumbuka.