Kinanda Kilekile

Makole, Dodoma

Mjukuu wangu Nyemo,

Marahaba. Barua yako imefika. Sisi wazima, mama yako yuko shambani anavuna zabibu, na upepo unatujaza vumbi mpaka kwenye ugali.

Unauliza kwa nini sipokei simu mpaka upige mara tatu. Usidhani nimekuchoka.

Nilipokuwa msichana, babu yako, wakati huo mchumba wangu, alinipeleka banda la video pale Majengo kuangalia filamu za kutisha za Waitaliano. Katika ya kwanza kinanda kililia taratibu, mwanamke akafungua mlango, akauawa. Ya pili ilikuwa hadithi nyingine kabisa, lakini kinanda kikalia vilevile. Mwanamke mwingine akaenda mlangoni. Nikasimama, nikapiga kelele, "Dada, usifungue!"

Akafungua. Aliyebisha hodi alikuwa muuza maziwa tu.

Banda zima likanicheka. Babu yako akaninong'oneza, "Wametumia tena muziki wa ile ya kwanza. Kaa chini."

Nilikaa, lakini moyo haukukaa.

Sasa simu yangu ina mlio mmoja tu, na ndio uliolia siku nilipoambiwa babu yako amefariki. Ukilia, nasimama tena kama kule bandani. Jina lako linaonekana pale kwenye kioo, nalisoma, na bado mkono unakataa.

Basi endelea kupiga hiyo mara ya tatu. Nikipokea, usingoje niseme haloo. Sema shikamoo upesi, nijue ni muuza maziwa.

Bibi yako