Wahelveti Warudishwa Kwao

Kigali, Jumatano

Shikamoo Shangazi Mwanaidi,

Huku mvua haikatiki, na mimi leo nimeponea chupuchupu kufukuzwa kazi kwa sababu ya kucheka.

Nilikuwa mkalimani wa profesa mmoja wa Kizungu kwenye mkutano wa walimu, hapa Kimihurura. Alisimulia habari za Wahelveti, kabila la Wakelti walioishi Ulaya zamani, kabla ya kutawaliwa na Warumi. Waliona nchi yao imewabana, wakaamua kuhama wote. Wakachoma nyumba zao wenyewe ili mtu asitamani kurudi. Njiani Warumi wakawachapa vibaya, kisha wakawaamuru: rudini mkajenge mlichochoma!

Mama Uwera, mwalimu aliyekulia Uganda, akanyanyua mkono. "Profesa, huyu mwenye alisema wahame, yeye iko wapi?"

Nikatafsiri. Profesa akajibu kwa huzuni kwamba alikufa kabla safari haijaanza.

"Ehe! Akawaachia moshi, yeye akaenda zake!"

Shangazi, niliangua kicheko ndani ya kipaza sauti, ukumbi mzima ukanisikia. Profesa akanikazia macho. "Amesema nini?"

Nikamtafsiria. Akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Akasema amefundisha habari za Wahelveti maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kuwasikitikia namna ile.

Kesho ni zamu ya Warumi, na Mama Uwera ameshawahi kiti cha mbele. Niombee dua.

Nakupenda sana. Wabusu watoto, na goti lako lisikusumbue.

Mwanao,
Hamisi